Akiba Isiyoanguka Pamoja na Mwenzake

Nikifika saiti, kabla ya kutoa ufunguo mfukoni, naweka kiganja kwenye mlango wa shelta, yaani kibanda cha mitambo. Ukiwa wa baridi, najua siku yangu itakuwa ya kawaida: kusoma mita, kufuta vumbi, kuosha machujio ya viyoyozi. Ukiwa wa moto kuliko ukuta wa nje uliopigwa na jua, najua leo nitalala hukohuko. Mimi ni fundi wa umeme na ubaridi wa mitambo ya simu hapa Unguja. Masafa, antena na vifurushi vya intaneti vina wenyewe. Mimi kazi yangu ni kwamba mtambo upate umeme usiokatika na joto lake litolewe nje.

Habari ya umeme watu wanaijua, maana kila nyumba imeshapitia mgao. Habari ya joto hawaijui, na hata wanaonunua mitambo kwa ajili ya hospitali, chuo au wizara mara nyingi hawaiulizi. Wanauliza betri zitakaa saa ngapi. Nataka kueleza kwa nini swali hilo halitoshi, na viwango vya kimataifa vinasema nini kuhusu akiba ya umeme na ya ubaridi.

Volti 48 za babu zetu

Fungua kabati la mtambo wa simu, uwe wa Wete au wa Chicago, na kwa kawaida utakuta umeme wa DC, yaani wa mkondo wa upande mmoja kama wa betri, wa volti 48, upande chanya umefungwa ardhini. Desturi hiyo ilianza na simu za waya. Seli moja ya betri ya risasi na asidi ina volti 2. Ziunge 24 mfululizo, unapata 48. Kiasi hicho kilitosha kusukuma sauti kwenye waya mrefu hadi nyumbani kwa mteja, na ni kidogo kiasi kwamba fundi aliyegusa kwa bahati mbaya kwa kawaida hapati madhara. Upande chanya ukafungwa ardhini kwa sababu ya kutu: shaba iliyofukiwa kwenye udongo wenye unyevu huliwa haraka ikiwa chanya kuliko ikiwa hasi.

Umeme wa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, ukiingia, rektifaya inaugeuza kuwa DC ya volti 54 hivi. Mtambo na betri vimeungwa pamoja kwenye nondo moja ya shaba. Umeme ukikatika, hakuna swichi inayopinduka wala sekunde ya kungoja. Betri zilikuwa zimeshaungwa tangu mwanzo, zinaendelea tu kulisha. Volti inashuka taratibu, na ikifika kama 43 kikatio kinazitenga betri zisife kabisa. Kiwango cha Ulaya, EN 300 132-2 cha taasisi ya ETSI, kinamtaka mtengenezaji wa mtambo auwezeshe kufanya kazi kuanzia volti 40.5 hadi 57, ili mteremko huo wote usimguse mteja.

Hesabu ya betri ni nyepesi. Saiti inayotumia ampea 60 ikitakiwa kukaa saa 8 bila umeme, inahitaji ampea-saa 480. Betri haimalizwi hadi tone la mwisho, kwa hiyo tunafunga za 600 na kutumia asilimia 80 yake. Karatasi inapendeza, mkaguzi anatia saini.

Kinachosahauliwa ni kwamba betri hizi za risasi hupimwa umri wake kwenye joto la nyuzi 20 au 25. Kila joto likizidi kwa nyuzi 8 hadi 10, umri unakatika nusu. Betri iliyouzwa kwa ahadi ya miaka 10, ukiiweka kwenye chumba cha nyuzi 35, umenunua betri ya miaka mitano au chini ya hapo.

Kiyoyozi hakimo kwenye betri

Sasa tuje kwenye joto lenyewe. Saiti yetu ya ampea 60 kwa volti 54 inatumia wati kama 3,200. Karibu zote zinageuka joto humohumo ndani. Shelta yenye urefu na upana wa mita 3 na kimo cha mita 2 na nusu ina hewa ya kilo 26 hivi. Kupandisha hewa hiyo nyuzi moja kunataka kilojuli 26. Mtambo unatoa kilojuli 3.2 kila sekunde. Gawanya: kwa hesabu ya hewa peke yake, joto linapanda nyuzi moja kila sekunde nane. Bahati nzuri kuta, makabati na betri zenyewe hufyonza sehemu kubwa, kwa hiyo mambo huenda polepole kuliko hapo. Lakini nimeshaona kipimajoto kikitoka 25 hadi kupita 45 ndani ya saa moja, jua likiwa juu ya bati.

Na kiyoyozi kinatumia umeme wa ZECO moja kwa moja, maana ukikiweka kwenye betri kitazimaliza kabla mtambo haujafaidika. Umeme ukikatika na jenereta likigoma, mtambo unabaki hai kwa nguvu ya betri huku ukijipika. Utafika joto ambalo programu yake inaamua kujizima, na hapo betri bado zina saa tano au sita. Zile saa 8 zilizotiwa saini zilikuwa za umeme peke yake. Ndiyo maana huwaambia vijana ninaowafundisha kwamba kwenye shelta yenye kiyoyozi, kazi ya kwanza ya jenereta ni ubaridi.

Dawa zipo. Tunafunga feni ya dharura ya volti 48 inayokula betri kidogo sana. Chumba kikipita nyuzi 35 inafungua mlango wake na kuvuta hewa ya nje. Hewa ya Unguja ya nyuzi 32 si ya kujivunia, ila inauokoa mtambo. Dawa nyingine ni kununua mtambo unaostahimili. Kiwango cha Marekani kiitwacho GR-63-CORE, kilichotokana na masharti ya kampuni ya simu ya Bell, kinautaka mtambo wa simu ufanye kazi siku zote kati ya nyuzi 5 na 40. Kwa muda mfupi uvumilie hadi 50, na muda mfupi huo umepimwa: usizidi saa 96 kwa mkupuo, wala siku 15 kwa mwaka. Tena feni yake moja ikifa, mtambo uendelee kwenye nyuzi 40 kwa hizo saa 96, yaani fundi apate siku nne za kufika na feni mpya.

Linganisha na kompyuta za kawaida za seva. Chama cha wahandisi wa ubaridi cha Marekani, ASHRAE, kinapendekeza zivute hewa ya nyuzi 18 hadi 27. Mtu anayeweka seva za ofisini ndani ya shelta ya simu kwa kuwa nafasi ipo, ameweka kwenye chumba kimoja mashine mbili zenye uvumilivu tofauti kabisa.

Herufi N na jamaa zake

Wahandisi wana herufi yao, N. Ni idadi ya mashine zinazotosha kubeba mzigo, bila ya ziada. Saiti yetu inahitaji ampea 60 za mtambo na 40 za kuchaji betri, jumla 100. Moduli ya rektifaya ikiwa ya ampea 50, N ni mbili. Ukifunga tatu una N+1: moja ikifa, kazi inaendelea na unaibadilisha bila kuzima kitu. Ukijenga mfumo mzima mara mbili, kila mmoja ukiweza kubeba mzigo wote, hiyo ni 2N.

Kwenye 2N kuna mtego ninaoukuta kila mara. Kabati linaletewa njia mbili za umeme, A na B, kila moja na sakiti breka ya ampea 100. Naweka mita ya kubana kwenye waya wa A, inasoma 70. Kwenye B, 65. Mwenye mtambo anafurahi kwamba mzigo umegawanyika vizuri. Njia A ikikatika, B inaletewa 135 kwa ghafla, breka yake nayo inaruka, na kabati lote linazima. Ni jahazi lenye nanga mbili kwenye kamba moja. Ili njia mbili ziwe akiba kweli, jumla ya mizigo ya A na B isizidi uwezo wa njia moja, na sisi wa kazi hii tunapenda kila moja ibaki chini ya asilimia 40.

Viyoyozi vina mtego wao. Sheria ya saiti nyingi ni viwili, kimoja kikitosha, na kidhibiti kinavizungusha ili vyote vichakae sawasawa. Hapo ni N+1 safi. Kisha naenda nyuma ya shelta nakuta mashine zote mbili za nje zimefungwa ukuta mmoja unaoelekea baharini. Chumvi imekula mapezi ya alumini ya hii na ya hii, ukiyagusa yanakuwa unga mweupe kidoleni. Zimenunuliwa siku moja, zimefungwa siku moja, zinapuliziwa upepo mmoja, na mara nyingi zimeungwa breka moja. Zitakufa wiki moja.

Taasisi ya Marekani iitwayo Uptime Institute imepanga majengo ya mitambo kwa ngazi nne, na kiwango cha TIA-942 kilichotoka mwaka 2005 nacho kikafuata ngazi nne. Ngazi ya I ina njia moja ya umeme na ya ubaridi. Ya II ina mashine za ziada kwenye njia hiyohiyo. Ya III inakuruhusu kuzima kifaa chochote kwa matengenezo bila mteja kujua. Ya IV inavumilia hitilafu isiyotarajiwa, na ndiyo inayodai ubaridi usikatike hata dakika zile ambazo jenereta linawaka. Wenye kiwango waliliona tatizo la mlango wangu wa moto, wakaliandikia sharti.

Miezi mitatu ya Unguja

Kuna jambo lingine kwenye ngazi za III na IV ambalo huwashangaza wanafunzi. Uptime inalihesabu jenereta kuwa chanzo kikuu cha umeme. Umeme wa shirika unachukuliwa kuwa chanzo cha bei nafuu tu, kinachoweza kukatika wakati wowote. Jenereta liwe na uwezo wa kubeba mzigo bila kikomo cha saa, na mafuta ya saa 12 yawepo palepale. Watu wa visiwa hawahitaji kuelezwa sababu.

Tarehe 10 Desemba 2009 Unguja ilikatikiwa umeme. Kisiwa kizima kilikuwa kinalishwa na kebo moja ya volti 132,000 iliyopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, iliyolazwa mwaka 1980. Ilishatuonya mwaka 2008, tulipokaa karibu mwezi mzima gizani. Safari hii umeme ulirudi tarehe 9 Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, Mji Mkongwe ukajaa mlio wa vijenereta vya petroli barazani, na vijana wakafungua biashara ya kuchaji simu kwa malipo. Simu ikawa na thamani kuliko siku zote, wakati huohuo mitambo yake ikiwa taabani.

Jenereta la akiba lina kiwango chake, ISO 8528. Kile kipimo cha "dharura" kinachoandikwa kwenye kibao chake kimekusudiwa saa 200 kwa mwaka, tena kwa wastani wa asilimia 70 ya uwezo. Kuanzia Desemba ile hadi Machi ni zaidi ya saa 2,100. Jenereta dogo linalokunywa lita mbili na nusu kwa saa lilihitaji lita zaidi ya 5,000 kwa saiti moja. Oili inayobadilishwa kila baada ya saa 250 ilitaka kubadilishwa mara nane. Saiti ambayo mwaka mzima haikuwahi kufanyiwa zaidi ya huduma moja, sasa ilitaka fundi kila baada ya siku kumi.

Kampuni niliyoifanyia kazi wakati huo ilipeleka jenereta la pili kwenye baadhi ya saiti za shamba, yafanye kazi kwa zamu ya saa 12. N+1 imetimia. Usiku mmoja mlinzi akanipigia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Jenereta limekohoa likazima."

"Washa la pili."

"La pili nalo limekohoa likazima."

Nilipofika na kufungua kikombe cha chini cha chujio la mafuta, yalitoka maji, si dizeli. La pili vilevile. Majenereta mawili, kila moja na tangi lake, betri yake na swichi yake, lakini yote yalijazwa kwa madumu yaliyotoka pipa moja lililoingia mvua. Akiba yetu ilikuwa na pacha wake, wamenyonya ziwa moja.

Tangu mwaka 2013 Unguja ina kebo ya pili, ya megawati 100, iliyojengwa kwa msaada wa Marekani. Kebo moja ikiharibika, ya pili ipo. Zote mbili zinaanzia kwenye gridi ileile ya Bara, kwa hiyo siku gridi ikianguka, hata ziwe kumi hazisaidii. Na gridi huanguka kwa visababu vidogo: tarehe 7 Juni 2016 Kenya nzima ilizimikiwa umeme kwa sababu tumbili alianguka juu ya transfoma kwenye kituo cha Gitaru. Tumbili mwenyewe alisalimika.

Wakubwa nao huanguka

Asidhani mtu kwamba haya ni ya visiwani tu. Tarehe 19 Julai 2022 joto la Uingereza lilipita nyuzi 40 kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu zao. Vituo vya data vya Google na Oracle mjini London vililazimika kuzima mashine, na hospitali za Guy's na St Thomas' zikapoteza mifumo yake ya kompyuta. Google walieleza kwamba mifumo kadhaa ya ubaridi iliyowekwa kuwa akiba ya mwenzake ilishindwa kwa pamoja. Jua lilikuwa moja kwa zote.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 15 Oktoba 2022, moto ulianza kwenye chumba cha betri za lithiamu chini ya kituo cha data cha Pangyo, Korea Kusini. Betri hizo ndizo zilizowekwa ili umeme usikatike. Wazima moto walihitaji kumwaga maji, ikabidi jengo zima likatwe umeme, na KakaoTalk, programu ya ujumbe inayotumiwa na karibu kila Mkorea, ikanyamaza. Huduma zote zilichukua zaidi ya siku tano kurudi, na mmoja wa wakurugenzi wakuu wawili wa Kakao alijiuzulu.

Marekani, tarehe 29 Juni 2012, dhoruba ilikata umeme kwenye majimbo kadhaa. Vituo 77 vya kupokea simu za dharura za 911 katika majimbo sita viliathirika. Kaskazini mwa Virginia majengo ya mitambo yalikuwa na majenereta; baadhi yalikataa kuwaka, na betri zilipokwisha, mtu aliyepiga kuomba gari la wagonjwa hakumpata wa kumjibu.

Ndipo serikali huuliza kama viwango viwe hiari au sheria. Baada ya kimbunga Katrina cha 2005, tume ya mawasiliano ya Marekani iliamuru mwaka 2007 minara iwe na akiba ya saa 8 na majengo makuu ya mitambo saa 24. Kampuni zikapinga, ofisi ya bajeti ya Ikulu ikaikataa mwaka uliofuata, na kanuni hiyo haikuwahi kutumika. California, baada ya mioto yake, ilidai mwaka 2020 saa 72 kwa maeneo yenye hatari kubwa ya moto. Kila saa ya ziada ni betri, dizeli na ulinzi wa kuvitunza, na mwisho wake ni pesa za mteja. Ubishi huo ni wa haki. Usio wa haki ni kuuziwa saa 8 za betri kwenye chumba kitakachochemka kwa saa moja.

Ukienda kununua

Ukiwa na mitambo ya kuhifadhi, iwe ya SACCOS au ya hospitali ya mkoa, acha kuhesabu mashine. Chukua kila jozi iliyoandikwa "akiba" na uulize ni kitu gani kimoja kinachoweza kuziangusha zote mbili: breka, pipa la mafuta, ukuta unaopigwa na chumvi, chumba kimoja, fundi mmoja mwenye ufunguo. Ukikipata, hapo ndipo pesa yako ya kwanza iende, na mara nyingi si pesa nyingi. Kuhamishia kiyoyozi cha pili breka yake mwenyewe ni kazi ya asubuhi moja.

Uliza pia akiba ya ubaridi inadumu muda gani umeme ukikatika na jenereta likigoma. Muuzaji akikujibu kwa saa za betri, hajalijibu swali.

Kisha dai jaribio. Wakandarasi hupenda kulifanya alfajiri, au mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukivuma na hewa ikiwa ya kupendeza. Wewe chagua Februari, saa nane mchana, mtambo ukiwa na mzigo wake wote. Mkandarasi ashushe breka kuu mbele yako, jenereta lizuiwe lisiwake, na kipimajoto kisomwe kila baada ya dakika tano hadi muda mliokubaliana uishe. Siku ya pili mrudie, safari hii jenereta liwake lenyewe na viyoyozi viwili vizimwe kwa zamu. Yaandike hayo kwenye mkataba kabla ya kazi kuanza, na fungu la mwisho la malipo lisitoke mpaka yafanyike.